Anicet Kashamura: kura alizipata, Bukavu ikamponyoka

Kila mtoto wa masomo katika Kivu anajua jina la Lumumba, la Kasa-Vubu na la Mobutu. Lakini katika serikali ya kwanza ya Kongo huru kulikuwa pia mtu wa Kalehe, kando ya ziwa Kivu, si mbali na Bukavu. Aliitwa Anicet Kashamura. Yeye ndiye alikuwa waziri wa habari wa Patrice Lumumba, maana yake mtu wa kwanza kukabiziwa radio ya inchi yenye uhuru.

Kati ya Mei 1960 na Februari 1961, hiyo ni miezi tisa tu, huyu mtu alipita katika ngazi zote za siasa. Alikuwa mtafuta kura, akakuwa mbunge, akakuwa waziri, akafukuzwa kazi kwenye radio, akakuwa mkimbizi, akarudi Bukavu kama mkubwa wa jimbo lote, kisha akaondolewa na watu wa upande wake mwenyewe. Kila mara uchaguzi unapokaribia, na wagombea wanapoanza kujaza barabara na vipaza sauti, historia yake inafaa kukumbukwa. Ndani yake kuko karibu kila kitu ambacho siasa ya Kivu imeendelea kufanya tangu ile wakati.

Mtoto wa Kalehe, na udongo wa Kivu

Kashamura alizaliwa mwaka 1928. Mwaka ule ule, Wabeleji waliunda Comité National du Kivu, ile ambayo watu walizoea kuita CNKi. Ilipewa uwezo juu ya eneo kubwa sana la udongo, ili igawie wazungu waliotaka kuja kulima. Kivu ilikuwa na baridi nzuri, udongo mweusi na mvua ya kutosha. Kwa hiyo wakoloni wenye mashamba walifika wengi, wakapanda kahawa, majani ya chai, pareto na kinkina. Wenyeji walikuta milima ya babu zao imekuwa shamba ya mtu mwingine, na wao wenyewe wanaitwa kazi kwa mshahara mdogo.

Huwezi kuelewa siasa ya Kashamura bila kuelewa hilo. Katika Bas-Congo, watu walipigania juu ya heshima na historia ya ufalme wao. Katika Katanga, vita ilikuwa juu ya shaba. Katika Kivu, neno lililowasha moto lilikuwa udongo. Mtu aliyekuja kijijini na kusema kwamba mashamba yatarudia wenyewe, huyo alisikilizwa mpaka jua linazama.

Muji wa Bukavu nao ulikuwa umegawanyika. Kwa miaka mingi uliitwa Costermansville, jina la mkubwa mmoja wa Kibeleji. Wazungu walikaa chini, katika Ibanda, kwenye zile rasi zinazoingia ndani ya ziwa. Waafrika walikaa Kadutu na Bagira. Mchana makarani, mafundi na maboyi walishuka kufanya kazi, jioni wakapanda tena kilima. Ni katika wale makarani na watu waliosoma kidogo ndimo siasa ilipoanza.

CEREA inazaliwa

Mwaka 1958 ulikuwa mwaka mkubwa kwa Bukavu. Serikali ya kikoloni iliipa cheo rasmi cha muji. Na ni mwaka huo pia chama cha CEREA kilianzishwa, yaani Centre de Regroupement Africain. Kashamura alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Pamoja naye kulikuwa watu wengine wenye nguvu, kama Jean-Chrysostome Weregemere na Marcel Bisukiro.

Vyama vingi vya wakati ule vilisimama juu ya kabila moja. CEREA ilijaribu kufanya tofauti. Kivu ya wakati ule haikuwa kama Kivu ya leo: ilianzia Beni na Lubero, ikapita Goma na Bukavu, ikafika Uvira na Fizi, tena ikaingia ndani ya pori mpaka Kindu na Kasongo. Hakuna kabila moja lililoweza kushinda peke yake katika jimbo kubwa namna ile. Mtu aliyetaka kuongoza Kivu alipaswa kuongea na Bashi, Bahavu, Banande, Bahunde, Barega, Babembe na wengine wengi. Neno la kukusanya, ambalo lilikuwa ndani ya jina la chama, halikuwa pambo. Ilikuwa hesabu.

Tarehe 4 Januari 1959 fujo ilitokea Léopoldville, leo Kinshasa, na watu wengi wakauawa. Siku chache nyuma yake, mfalme wa Ubeleji akatangaza kwamba Kongo itapata uhuru. Kuanzia hapo kila kitu kilikwenda mbio. Januari 1960, wakubwa wa vyama waliitwa Bruxelles katika mkutano wa Meza ya Mviringo. CEREA ilituma wajumbe wake, Kashamura akiwa mmoja wao. Lumumba mwenyewe alitolewa gerezani ili aweze kufika. Tarehe ya uhuru ikawekwa: 30 Juni 1960. Ilibaki miezi mitano tu, na katikati yake inchi ilipaswa kuchagua wabunge ambao haijawahi kuwa nao.

Uchaguzi wa Mei 1960

Ginsi uchaguzi ule ulipangwa inafaa kuelezwa, sababu sehemu kubwa ya ile njia ingali inatumika leo.

Wanaume wenye miaka 21 na zaidi ndio walipiga kura. Wanawake hawakupiga, wao walingoja mpaka katiba ya mwaka 1967. Wapiga kura walichagua wabunge 137 wa Baraza la inchi. Walichagua pia wabunge wa majimbo sita. Nyuma yake, wabunge wa jimbo ndio walichagua maseneta, 14 kwa kila jimbo, na ndio walichagua rais wa serikali ya jimbo. Kwa hiyo raia alipiga kura mara moja, kisha mambo mengine yote yakaamuliwa ndani ya chumba, kati ya watu wachache wanaojuana.

Katika kampeni, CEREA iliongea juu ya udongo, juu ya uhuru bila kungojea, na juu ya umoja wa inchi. Kwa neno hili la mwisho ilisimama karibu na MNC ya Lumumba, iliyokuwa na nguvu sana upande wa Maniema. Wakoloni na wakubwa wengi wa serikali walipendelea vyama vingine vyenye maneno ya upole zaidi. Lakini maneno ya upole hayakuwa na wateja wengi mwaka 1960.

Kura zilipohesabiwa, CEREA ilikuwa chama cha kwanza katika Kivu. Katika Baraza la jimbo lenye viti 70, ilipata viti 30. MNC ya Lumumba ilipata 17. Katika Baraza la inchi, CEREA ilipata viti 10. Kashamura aliingia kati ya wabunge wapya. Kwa chama chenye umri wa miaka miwili hivi, ilikuwa ushindi mkubwa.

Lakini 30 kwa 70 si nusu. Ili kutawala jimbo, ilihitaji kura 36. Na hapo ndipo shida ilianza.

Chama kimoja, mabawa matatu

Ushindi ulileta vyeo, na vyeo vilikuwa vichache kuliko watu waliovitaka. Mwaka ule ule wa uchaguzi, CEREA ilipasuka. Kulikuwa CEREA ya Kashamura, CEREA ya Weregemere na CEREA ya Bisukiro. Kila mmoja alikuwa na watu wake, eneo lake na hesabu yake. Raia aliyekuwa amenunua karti moja ya chama alijikuta anaulizwa yeye ni wa nani.

Urais wa jimbo ulikwenda kwa Jean Miruho, mtu wa CEREA pia, lakini mwenye siasa ya kati, ambaye hakuwa mfuasi wa njia ya Kashamura. Miruho akaunda serikali ya jimbo Bukavu. Kashamura akabaki na macho yake upande wa Léopoldville.

Kule Léopoldville bahati ilimcheka. Lumumba alitafuta wabunge kila pembe ili serikali yake ipite. Viti 10 vya CEREA vilikuwa na bei. Tarehe 23 Juni 1960, Baraza likakubali serikali yake kwa kura 74, idadi ambayo ilipita nusu kwa kura tano tu. Ukitoa wale 10 wa Kivu, pengine historia ya Kongo ingekwenda njia nyingine. Bisukiro akapewa biashara ya inje. Kashamura akapewa habari na utamaduni.

Hapa kuko jambo ambalo wagombea wengi wa Kivu wamelirudilia. Kashamura alikuwa na sauti kubwa katika inchi, lakini nyumbani kwake kiti kilikaliwa na mtu ambaye hakuwa wake. Alikuwa na radio ya Kongo yote, bila kuwa na Baraza la Bukavu.

Waziri wa radio

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni. Siku tano nyuma yake askari wakaasi. Tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga. Wazungu wakakimbia, ONU ikatuma askari. Katika siku kama zile, waziri wa habari hakuwa mtu wa kukata tepe kwenye sherehe. Watu wengi hawakujua kusoma, na magazeti hayakufika mbali. Radio ndiyo ilikuwa serikali. Aliyeishika alionekana kuwa na inchi mkononi.

Jioni ya tarehe 5 Septemba 1960 jambo hilo lilionekana wazi. Rais Kasa-Vubu alikwenda kwenye radio na kutangaza kwamba amemfukuza Lumumba. Alifukuza pia mawaziri wengine sita, kati yao Antoine Gizenga, Christophe Gbenye na Anicet Kashamura mwenyewe. Yaani waziri wa radio alifukuzwa kupitia radio yake. Usiku ule ule Lumumba akaenda kwenye mikro, naye akatangaza kwamba Kasa-Vubu si rais tena. Kesho yake ONU ikafunga radio. Tarehe 14 Septemba, Mobutu, akiwa bado koloneli, akatangaza kwamba jeshi limewaweka wanasiasa wote pembeni.

Lumumba akafungiwa ndani ya nyumba yake. Wafuasi wake wakaanza kukimbilia Stanleyville, leo Kisangani, ambako Gizenga alisimamisha serikali nyingine mwezi wa Desemba. Kashamura alikuwa mmoja wa waliofika kule. Lumumba naye alitoka kwa siri mwisho wa Novemba, lakini akakamatwa njiani, mwanzoni mwa Desemba.

Kurudi Bukavu na bunduki

Bukavu ilikuwa katikati ya moto. Serikali ya Miruho haikuwa na nguvu juu ya askari. Katikati ya Desemba 1960, madaktari wa Austria waliokuja kwa kazi ya ONU walikamatwa hapo Bukavu, na askari wa Nigeria wa ONU walipaswa kupigana ili kuwatoa.

Siku za Noeli, kikundi kidogo cha askari kutoka Stanleyville kilifika. Kilimkamata Miruho pamoja na mawaziri wake, kikawapeleka Stanleyville. Mabunduki ya watu wachache yalitosha kufuta kazi ya kura za Mei. Kashamura akaja kushika jimbo.

Tarehe 1 Januari 1961, Mobutu alijaribu kuirudisha Bukavu. Askari wake walishuka na ndege Usumbura, leo Bujumbura, katika inchi ambayo ilikuwa ingali chini ya Wabeleji. Kutoka hapo wakapelekwa mpaka Shangugu, wakavuka Ruzizi. Walishindwa haraka. Mkubwa wao, Gilbert Pongo, alikamatwa. Ni yule yule Pongo ambaye mwezi mmoja mbele yake aliwaongoza waliomkamata Lumumba. Alipelekwa Stanleyville, na kule akauawa mwezi wa Februari, nyuma ya habari ya kifo cha Lumumba kutangazwa.

Kwa hiyo Januari 1961 Kashamura alikuwa na kile alichokikosa mwezi wa Juni: Bukavu na Kivu yote. Kwenye karatasi, alikuwa ameshinda.

Lakini yale majuma machache ya utawala wake yamebaki kama wakati wa woga. Askari hawakuwa na mkubwa wa kuwaongoza kweli. Watu walikamatwa, walipigwa, mali zikachukuliwa. Wazungu waliokuwa wamebaki wakavuka mpaka, wengine bila kufunga milango. Mashamba yakakosa mwenye kulipa mshahara. Biashara na Léopoldville ilikuwa imekatika, na njia ya kupitia Ruanda-Urundi haikuwa rahisi. Kahawa ilikuwa milimani, lakini franga haikuonekana mifukoni. Yule mtu aliyeahidi kurudisha udongo alikuta hana hata njia ya kupeleka mazao sokoni.

Haijalishi ni kiasi gani cha yale mabaya kilitoka kwa amri yake, na ni kiasi gani kilitoka kwa askari wasiomsikiliza. Kwa mtu wa Kadutu aliyekuwa analala na njaa, tofauti haikuwa kubwa. Mkubwa ni yule ambaye jina lake liko kwenye mlango.

Tarehe 17 Januari Lumumba aliuawa kule Katanga, na habari ikatangazwa tarehe 13 Februari. Mwezi ule ule wa Februari, Stanleyville yenyewe ikaona kwamba Kivu inaharibika. Gizenga akamwondoa Kashamura. Adrien Omari akawekwa kuwa rais wa jimbo. Kashamura hakuangushwa na adui zake wa Léopoldville, wala na wakoloni. Aliangushwa na rafiki zake.

Miaka ya mbali

Nyuma ya hapo, Kashamura hakupata tena kiti kikubwa. Kivu yenyewe ilikatwa vipande kuanzia mwaka 1962, wakati majimbo sita yalipogawanywa kuwa majimbo madogo mengi. Miruho, aliyepelekwa Stanleyville kama mfungwa, alirudi kuongoza Kivu ya kati. Mwaka 1965 Mobutu akachukua inchi, na vyama vya mwaka 1960 vikafutwa. CEREA ikabaki jina katika vitabu.

Kashamura alikwenda uhamishoni Ulaya. Kule akachukua kalamu. Mwaka 1966 kitabu chake De Lumumba aux colonels kilitolewa Paris. Ndani yake alieleza ile miaka kwa macho ya mtu aliyekuwa ndani ya chumba wakati mambo yalipoamuliwa. Mwaka 1973 akatoa kitabu kingine, Famille, sexualité et culture, juu ya desturi za jamaa na ndoa katika watu wa Maziwa Makubwa. Mtu aliyetaka kutawala Kivu aliishia kuiandika. Alikufa mwaka 2004, miaka miwili mbele ya wananchi wa Kongo kurudi kwenye uchaguzi wa vyama vingi, uchaguzi mkubwa wa 2006.

Kinachobaki

Katiba ya mwaka 2006 inasema kwamba liwali wa jimbo anachaguliwa na wabunge wa jimbo, na vivyo hivyo maseneta. Ni ile ile njia ya mwaka 1960: raia anapiga kura, kisha watu wachache wanamaliza hesabu. Kwa hiyo swali la Mei 1960 halijazeeka. Mgombea anayepita katika Kalehe, Walungu, Kabare ao Uvira anaahidi udongo, barabara na kazi. Nyuma ya kura, anaanza kuhesabu viti. Na kati ya ahadi na viti, mara nyingi raia anapotea.

Kuko watu wanaomkumbuka Kashamura kama mzalendo aliyesimama na Lumumba mpaka mwisho, wakati wengine walimkana ili kulinda mishahara yao. Hilo ni kweli. Kuko wengine wanaomkumbuka kama mtu wa fujo ya Januari 1961. Hilo pia lina ukweli wake. Wote wawili wanaongea juu ya mtu mmoja.

Pengine jambo la kushika zaidi ni lile la zile kura 30. Watu wa Kivu walimpa Kashamura na wenzake nafasi ambayo hakuna chama kingine kilipewa katika jimbo. Kama wangekaa pamoja na kutafuta sita za kuongezea, wangeweza kutawala miaka yao kwa haki, bila kungojea askari kutoka Stanleyville. Walichagua kugawanya kile kidogo walichokuwa nacho. Siku Kashamura aliporudi kuchukua chote, alikikuta kimekwisha kuharibika, na hakuna aliyekuwa tayari kukilinda pamoja naye.